Bakteria wa Kamba na Chaza: Jina Moja, Koo Nyingi

Chukua kapu la chaza kutoka ghuba yoyote yenye maji ya uvuguvugu, iwe Texas, Osaka au Tanga, ulipeleke maabara wakapime. Yaelekea utaambiwa lina bakteria aitwaye Vibrio parahaemolyticus. Jibu hilo ni la kweli, ila halikufikishi mbali. Wengi wa bakteria wenye jina hilo hawamdhuru binadamu. Wachache wao wamewalaza watu hospitalini kwa maelfu. Ukiwaweka chini ya hadubini huwezi kuwatenganisha: wote ni vijiti vifupi vilivyojipinda kidogo, kila kimoja na mkia wake wa kuogelea. Kinachowatofautisha ni jeni walizobeba, na jeni hizo hazikutawanyika sawasawa baharini. Bahari za Asia zina mchanganyiko wake, na pwani ya Marekani ina wake. Mipaka hiyo ilijengeka polepole mno, lakini imeanza kuvunjika ndani ya umri wa mtu mmoja, na mkono wetu umo.

Kila watu wanapougua baada ya kula vyakula vya baharini, mazungumzo huishia kwenye sentensi moja: "samaki wana vijidudu." Vijidudu wamo siku zote. La kuuliza ni wa ukoo gani, wamebeba nini, na wamefikaje hapo. Siku hizi maswali hayo yana majibu, kwa sababu jenomu nzima ya bakteria, yaani DNA yake yote, inaweza kusomwa herufi kwa herufi. Majibu yenyewe yanagusa moja kwa moja pwani ya Afrika Mashariki.

Mwenyeji wa maji chumvi

Bakteria huyu alijulikana kwa msiba. Oktoba 1950, mjini Osaka, Japani, watu 272 waliugua baada ya kula shirasu, yaani vidagaa vidogo vilivyokaushwa nusunusu, na 20 kati yao wakafariki. Mtafiti Tsunesaburo Fujino ndiye aliyemtenga mdudu mhusika. Baadaye ilieleweka kwamba si mgeni anayeletwa baharini na maji machafu, kama walivyo bakteria wengi wa kuharisha. Bahari ndiyo kwao. Bila chumvi hakui, na hukaa kwenye tope, kwenye planktoni (viumbe vidogo vinavyoelea majini), kwenye magamba ya kaa na kamba, na ndani ya chaza na kombe wanaochuja maji mchana na usiku na kukusanya kila kilichomo.

Anapenda joto. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Tatsuo Kaneko na Rita Colwell walimfuatilia katika ghuba ya Chesapeake, Marekani. Waliona kwamba wakati wa baridi hujificha kwenye tope la chini, na maji yakipata joto hupanda juu pamoja na vidudu vya planktoni. Nchi za baridi zina msimu wa kumwogopa na msimu wa kupumua. Pwani yetu, ambako maji hayashuki sana chini ya nyuzi 25 hata wakati wa kusi, hatuna pumziko hilo. Yupo mwaka mzima, na kaskazi ikipasha maji mazingira yanazidi kumkubali.

Kasi yake ya kuongezeka ndiyo inayomfanya awe hatari jikoni. Kwenye nyuzi 37, akiwa na chakula cha kutosha, mmoja anaweza kujigawa kuwa wawili ndani ya dakika 10 hivi. Tufanye kwamba ndani ya ndoo ya kamba iliyoachwa bila barafu anajigawa kwa nusu ya kasi hiyo, kila dakika 20. Wakianza 10, baada ya saa 4 watakuwa zaidi ya 40,000. Saa 4 ni muda wa kawaida kabisa kati ya nyavu kutoka majini na samaki kufika sokoni.

Nani hasa anamwumiza mtu

Katika miaka ya 1960 watafiti wa Kijapani waligundua jambo la ajabu. Walipowaotesha bakteria kutoka kwa wagonjwa kwenye chakula maalumu cha maabara chenye damu, karibu wote waliyeyusha chembe nyekundu za damu. Walipowaotesha bakteria wa jina lile lile kutoka kwenye samaki na maji ya bahari, walioweza kufanya hivyo hawakuzidi mmoja au wawili katika kila 100. Tabia hiyo ilipewa jina la Kanagawa, kwa mkoa ulioko Japani.

Nyuma yake kuna jeni iitwayo tdh. Hutengeneza protini inayotoboa ukuta wa seli, maji na chumvi vikapita ovyo, na utumbo ukashindwa kuvizuia. Kuna na dada yake, trh, anayefanya kazi inayokaribiana na hiyo. Kwa watafiti wengi, bakteria mwenye moja ya hizo mbili ni mshukiwa, na asiye nazo ni mpita njia. Kanuni hiyo inafaa, ingawa si kamili, maana kuna wagonjwa waliokutwa na bakteria wasio na jeni yoyote kati ya hizo.

Mwaka 2003 Wajapani walikamilisha kusoma jenomu ya bakteria aliyetoka kwa mgonjwa wa mwaka 1996. Ina herufi zipatazo milioni 5.17, zimegawanyika katika kromosomu mbili, zikiwa na jeni 4,832. Jeni za tdh zilikutwa kwenye kromosomu ya pili, ndani ya kipande kirefu cha herufi zipatazo 80,000 ambacho muundo wake haufanani na sehemu nyingine. Ndani ya kipande hicho hicho mna maelekezo ya kujenga mirija myembamba ambayo bakteria hutumia kuchomeka protini zake ndani ya seli za utumbo. Kutofanana huko ni ushahidi kwamba kipande kilitoka kwa bakteria mwingine. Uwezo wa kumwugulisha mtu hakuurithi kwa wazazi. Mmoja wa mababu zake aliupokea kutoka nje.

Nasaba inapochanganyika

Hapa ndipo suala linapokuwa gumu. Bakteria hujigawa, na kila mara DNA inaponakiliwa makosa machache hutokea. Kwa kuhesabu makosa yanayoshirikiwa, mtu anaweza kuchora nasaba. Wanaochunguza nakala za kale za tenzi zilizoandikwa kwa mkono hufanya hivyo hivyo. Nakala mbili zikiwa na kosa moja katika ubeti ule ule, yumkini zilinakiliwa kutoka kwa moja. Lakini mwandishi akiwa na nakala nne mezani, akachukua ubeti huu hapa na ule pale, nasaba inavurugika. Kila ubeti unakuwa na historia yake.

V. parahaemolyticus ndivyo alivyo. Mabadiliko mengi katika jenomu yake hayatokani na makosa ya kunakili bali na vipande vya DNA alivyochukua kwa jirani. Mahali pa biashara hiyo ni pa kawaida sana: gamba la kamba. Magamba ya kamba, kaa na planktoni yameundwa kwa kitini, na bakteria wa jamii ya Vibrio hula kitini. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba bakteria wa kipindupindu, ndugu wa karibu wa huyu wetu, akikaa juu ya kitini huwasha jeni zinazomwezesha kufyonza DNA iliyo huru majini. Mitambo hiyo V. parahaemolyticus naye anayo. Jirani akifa, vipande vyake havipotei bure.

Basi watafiti huwapangaje? Njia iliyotumika sana tangu mwaka 2008 ni kusoma jeni saba za msingi, ambazo kila bakteria wa aina hii lazima awe nazo ili aishi. Kila mchanganyiko wa matoleo ya jeni hizo saba hupewa namba, ndiyo maana utasikia ST3 au ST36. Kabla ya hapo walitumia sehemu za nje za bakteria, O na K, zinazotambuliwa na kinga za mwili, na hapo ndipo yalipotoka majina kama O3:K6. Njia hiyo ya zamani ina udhaifu mkubwa: sehemu za nje hubadilika haraka. Ukoo ule ule wa ST3 umeonekana ukiwa O3:K6, O4:K68, O1:K25, na miaka ya karibuni huko China ukiwa O10:K4. Aliyekuwa akifuatilia majina ya nje tu angedhani ni wageni wapya kila mara, kumbe ni mtu yule yule aliyebadilisha shati.

Kolkata, 1996

Februari 1996, katika hospitali ya magonjwa ya kuambukiza ya Kolkata, India, wagonjwa wa kuhara walianza kukutwa na bakteria wa aina moja, O3:K6 wa ukoo ule wa ST3, wenye tdh bila trh. Ndani ya miezi michache aina hiyo ilikuwa imechukua nusu hadi asilimia 80 ya maambukizi yote ya V. parahaemolyticus hospitalini hapo. Kabla ya hapo mlipuko wa bakteria huyu ulikuwa jambo la mahali: watu wamekula chakula kimoja, wameugua, umekwisha. Sasa ukoo mmoja ulikuwa unasafiri.

Ulienea Bangladesh, Thailand, Taiwan na Japani. Mwaka 1997 ukawa umeonekana Peru, na kaskazini mwa Chile ukazuka wakati huo huo. Mwaka 1998 watu 416 katika majimbo 13 ya Marekani waliugua baada ya kula chaza wabichi kutoka ghuba ya Galveston, Texas. Mwaka 2004 ulionekana Hispania, na mwaka huo huo ulikutwa kwa wagonjwa mjini Beira, Msumbiji. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa ukoo huu kuripotiwa barani Afrika. Kutoka Beira hadi Mtwara si mbali kwa meli.

Nitasimama Chile kidogo, kwa sababu kisa chake kinaonyesha vizuri tofauti kati ya kilichomo baharini na kilichomo tumboni. Huko Puerto Montt, mji wa kusini wenye maji baridi, ambapo watu hupenda kome na kombe wabichi, wagonjwa wa kiangazi cha 2005 walipita 10,000 nchini humo. Walipopima wagonjwa, karibu wote walikuwa na ukoo wa Kolkata. Walipopima kome wenyewe, wakakuta jamii kubwa yenye mchanganyiko wa kila namna, na ukoo wa Kolkata ukiwa sehemu ndogo tu ndani yake. Wenyeji walikuwa wengi na wapole. Mgeni alikuwa mchache, lakini ndiye aliyewajaza watu hospitalini. Mtu aliyehesabu bakteria wa kome bila kuangalia jeni zao asingeona lolote la kumshtua.

Ukoo mwingine ulifuata njia ya kwenda kinyume. ST36 ulikuwa mwenyeji wa pwani ya Pasifiki ya Marekani, upande wa Washington, na kwa miaka mingi haukutoka huko. Una tdh na trh zote mbili. Mwaka 2012 ukazuka upande wa pili wa bara, kwa watu waliokula chaza wa Oyster Bay, New York, na mwaka huo huo ukaonekana Hispania. Mwaka 2013 Marekani ilihesabu wagonjwa 104 katika majimbo 13 waliohusishwa na chaza na kombe wa Atlantiki. Huyo ni bakteria aliyevuka bara zima na kisha bahari. Kutembea mwenyewe hawezi.

Jamii nne, na hesabu ya miaka 60

Hadi hapa nimezungumzia koo maarufu. Hizo ni chache. Picha kubwa ilipatikana watafiti walipokusanya jenomu 1,103 za bakteria huyu, kutoka kwa wagonjwa na kutoka baharini, na kuzilinganisha zote. Utafiti huo uliochapishwa mwaka 2019 uliona kwamba aina hii imegawanyika katika jamii nne kubwa. Mbili zinakaa zaidi Marekani na Ulaya ya kaskazini. Nyingine mbili zimeenea duniani, na moja ya hizo ndiyo iliyojaa katika bahari za Asia. Namna zinavyotofautiana inaonyesha kwamba kwa muda mrefu ziliishi mbalimbali, kila moja ikibadilika taratibu kivyake, bila kukutana.

Lakini sasa zinakutana. Bakteria wa jamii ya Asia wanaoishi Marekani wamekutwa na vipande vingi zaidi vya DNA ya wenyeji wa Marekani kuliko ndugu zao waliobaki Asia. Tofauti ni wastani wa asilimia 1.01 ya jenomu. Watafiti hao hao walikadiria pia kasi ya kubadilishana vipande: karibu asilimia 0.017 ya jenomu kwa mwaka. Gawanya ya kwanza kwa ya pili unapata miaka isiyozidi 60.

Hesabu hiyo fupi naiona kuwa kubwa kuliko takwimu zote za milipuko. Kama jamii hizi zingekuwa zimekutana kwa karne nyingi, mchanganyiko ungekuwa mkubwa zaidi, na huenda leo tusingeweza kuzitofautisha kabisa. Kama zisingekutana kamwe, pasingekuwa na mchanganyiko. Kilichopo ni mchanganyiko mdogo na mpya. Umri wake unalingana na enzi ya meli kubwa za mizigo, biashara ya kamba waliogandishwa, ufugaji wa kamba kutoka bara moja hadi jingine, na watu kusafiri kwa ndege. Watafiti wenyewe wanaelekeza kidole kwenye meli, biashara ya mazao ya bahari na safari za watu.

Kuhusu meli kuna ushahidi wa moja kwa moja, ingawa ni wa kipindupindu. Mwaka 1991, wakati kipindupindu kilipokuwa kinatembea Amerika ya Kusini, bakteria wake walikutwa kwenye chaza wa ghuba ya Mobile, Alabama. Kisha wakakutwa ndani ya maji ya kusawazishia uzito katika meli zilizotia nanga Ghuba ya Mexico zikitokea bandari za huko kusini. Meli ikiwa tupu hujaza matangi yake maji ya bahari ili isiyumbe, na ikifika bandari ya kupakia huyamwaga. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti maji hayo ulianza kufanya kazi Septemba 2017. Unaweka kiwango cha bakteria wa kipindupindu, na cha aina nyingine mbili zinazoashiria uchafu wa kinyesi. V. parahaemolyticus hatajwi. Kwa bandari kama Dar es Salaam na Mombasa, zenye mikoko na wachuma chaza si mbali na gati, hilo ni pengo la kweli.

Halafu kuna joto. Ukoo wa Kolkata ulienea Peru mwaka 1997 sambamba na maji ya moto ya El Niño yaliyokuwa yakitambaa kando ya pwani. Julai 2004 abiria wa meli za utalii huko Alaska waliugua baada ya kula chaza kutoka Prince William Sound, mahali palipodhaniwa ni baridi mno kwa bakteria huyu. Uchunguzi ukaonyesha maji ya shamba lile yalikuwa yamevuka nyuzi 15. Mlipuko uliokuwa mbali zaidi kaskazini kabla ya huo ulikuwa umetokea zaidi ya kilomita 1,000 kusini mwa hapo. Meli inaweza kumleta mgeni popote, lakini ni joto la maji linaloamua kama atakaa.

Jeni inayoruka kutoka ukoo hadi ukoo

Wafugaji wa kamba wanaijua sura nyingine ya jambo hili. Kuanzia mwaka 2009 kamba wachanga walianza kufa kwa wingi mabwawani China, kisha Vietnam, Malaysia, Thailand, na mwaka 2013 Mexico. Ini la kamba linasinyaa na kupauka, na bwawa zima laweza kuisha ndani ya mwezi wa kwanza baada ya kupandikizwa. Mwanzoni watu walitafuta virusi. Mwaka 2013 timu ya Chuo Kikuu cha Arizona, akiwemo Mvietnam Loc Tran, ilionyesha kwamba mhusika ni V. parahaemolyticus.

Si ukoo mmoja, ni wengi, na aliyewaunganisha ni plasmidi: duara dogo la DNA la herufi zipatazo 70,000 linalojitegemea nje ya kromosomu na linaloweza kuhamia kwa bakteria mwingine. Limebeba jeni mbili za sumu, pirA na pirB, zinazofanana na za bakteria wanaoua wadudu wa nchi kavu. Baadaye plasmidi za namna hiyo zilikutwa hata ndani ya aina nyingine za Vibrio. Kwa mfugaji, kujua ukoo hakutoshi, maana bakteria asiye na hatia leo anaweza kuipokea plasmidi kesho. Nchi inayoagiza mbegu za kamba kutoka nje na kuzikagua kwa kuzitazama kwa macho tu haijakagua kitu.

Jambo kama hilo lilimpata pia Vibrio vulnificus, ndugu mwingine, anayeua watu wenye ugonjwa wa ini na kuozesha vidonda. Mwaka 1996 Israel ilipata wagonjwa wa aina ambayo haikuwahi kuonekana, wakiwa ni watu waliochomwa na miba ya perege wa kufugwa. Samaki hao, waliokuwa wakiuzwa kwenye barafu, walikuwa wameanza kuuzwa wakiwa hai. Jenomu ilionyesha kwamba aina hiyo mpya ni chotara wa jamii mbili za zamani. Mabadiliko ya namna ya kuuza samaki yalimpa chotara huyo mlango wa kuwafikia watu.

Kipindupindu ni habari nyingine

Watu wengi huchanganya haya na kipindupindu, na si ajabu, maana bakteria wake ni wa jamii moja na hukaa baharini pia. Ila nasaba zao zinasimulia hadithi mbili tofauti. Mwaka 2017 ilichapishwa historia ya kijenomu ya kipindupindu Afrika, kwa sampuli 1,070 kutoka nchi 45 zilizokusanywa katika miaka 49. Bakteria wa milipuko walikuwa wa ukoo mmoja ulioingia barani kutoka nje angalau mara 11 tangu mwaka 1970. Walitembea kwa watu, maji machafu na safari za nchi kavu. Kipindupindu cha milipuko ni mti wenye shina moja, wakati V. parahaemolyticus ni msitu ambao matawi yake yameshikana.

Kushindwa kutenganisha mambo haya kuliigharimu Afrika Mashariki. Desemba 1997, kwa sababu ya mlipuko wa kipindupindu, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wabichi kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Msumbiji. Marufuku hiyo ilidumu hadi katikati ya 1998. Sangara wa Ziwa Victoria, samaki wa maji yasiyo na chumvi anayeliwa akiwa amepikwa, alizuiwa kwa jina la ugonjwa uliokuwa unatembea vijijini kwa maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani lilieleza wakati huo kwamba hatari ya kipindupindu kupitia chakula cha biashara kutoka nje ni ndogo sana. Viwanda vya Mwanza na Kisumu havikuwa na namna ya kusema: hawa hapa bakteria wetu, hizi jeni zao, zilinganisheni na za mgonjwa yeyote kwenu. Leo namna ipo. Nchi yenye maktaba ya jenomu za bakteria wa bahari yake ina cha kuweka mezani siku mnunuzi anapolalamika, na pia inaweza kumnasa mgeni mapema kabla hajaenea.

Maktaba hiyo kwetu bado ni nyembamba. Jenomu nyingi zilizomo kwenye hazina za dunia zimetoka China, Japani, Thailand, Marekani na nchi nyingine za namna hiyo. Zile jamii nne zilichorwa zaidi kwa macho ya Pasifiki na Atlantiki. Bahari ya Hindi ya magharibi, kutoka Lamu hadi Beira, ambako majahazi yamekwenda na kurudi India na Uarabuni kwa karne nyingi kabla ya meli za chuma, ndiyo sehemu ambayo ningependa kuona imechunguzwa kuliko zote. Ikiwa kuna mahali ambapo jamii za bakteria zilianza kuchanganyika zamani zaidi ya miaka 60, pwani hii ni ya kuangaliwa kwanza.

Jikoni, jeni hazibadilishi sana cha kufanya. Kamba, kaa, pweza na ngisi wakipikwa hadi moto uingie ndani sawasawa, koo zote hufa, ya Kolkata na ya wenyeji. Balaa huja baada ya kupika: kamba waliochemshwa kurudishwa kwenye ndoo ile ile ya wabichi, kisu kimoja kwa vyote viwili, au sahani ya pweza kukaa mezani kuanzia saa sita hadi jioni. Chaza wabichi wa ndimu wanaoliwa sana na wageni wa mahoteli ni hadithi nyingine, na mwenye ugonjwa wa ini asiwaguse kabisa.

Kazi iliyobaki ni ya maabara, na sehemu yake ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Kipimo cha PCR, kinachozidisha kipande cha DNA hadi kionekane, kikitumika kutafuta tdh na trh hutoa jibu ndani ya saa chache, na mashine zake zipo katika hospitali na vyuo vingi tangu wakati wa korona. Bakteria watakaoonekana na jeni hizo ndio wasomwe jenomu nzima. Uwezo huo upo ufukweni kwetu: Kilifi, maabara ya KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na mfuko wa Wellcome wa Uingereza ilisoma jenomu za virusi vya korona kwa wingi. Sampuli zichukuliwe wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, kutoka kwa wachuma kombe na chaza, kutoka masoko ya samaki, kutoka kwa wagonjwa wa kuhara wa vituo vya afya vya pwani, na kutoka maji ya gati ambako meli za mizigo humwaga matangi. Za wagonjwa na za bahari ziwekwe pamoja, kwa sababu ndiko tofauti ilikoonekana Chile.